Samaki Wakubwa Walanyama kwa Bwawa la Ndani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wengi wanaotaka kufuga samaki wakubwa ndani ya jengo huanza kwa kuuliza yupi anapendeza. Ningependa waanze na swali jingine: samaki huyo anapumua vipi? Kwa nchi zetu, ambako umeme unaweza kukatika usiku kucha bila taarifa, jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama asubuhi utakuta samaki au mizoga. Majibu yaliyo hapa chini yamesimama juu ya msingi huo. Yanamhusu mwenye bwawa la zege au la turubai ndani ya jengo; tangi la kioo la sebuleni lina mambo yake.

Bwawa liwe na ukubwa gani?

Anza kwa kumpima samaki, halafu ndipo upime bwawa. Na umpime kwa urefu atakaoufikia akiwa mzima, maana kifaranga anayekuja ndani ya mfuko wa nailoni hakwambii chochote. Kipimo ninachokitumia mimi ni hiki: upana wa bwawa usipungue mara mbili ya urefu wa samaki mzima ili aweze kugeuka bila kujikunja, na urefu wa bwawa usipungue mara nne. Samaki wa mita 1.5 anahitaji basi bwawa la mita 6 kwa 3. Kina cha mita 1.2 hadi 1.5 kinawatosha karibu wote ninaowataja hapa. Ukizidisha kina unajiongezea kazi ya kusafisha na hatari kwa watoto, wala samaki hapati faida kubwa.

Bwawa la mita 6 kwa 3 lenye kina cha mita 1.5 huchukua lita 27,000. Nitalitumia hilo kama mfano hadi mwisho.

Nimeambiwa samaki hukua kulingana na ukubwa wa chombo. Ni kweli?

Si kweli, na maneno hayo yameua samaki wengi. Samaki aliyebanwa hudumaa kwa sababu ya uchafu wa maji na msongo. Uti wa mgongo hupinda, mapezi huoza, naye hufa kabla ya umri wake. Usinunue samaki kwa kutegemea kwamba atadumaa.

Naweza kujenga bwawa ghorofani?

Maji peke yake katika bwawa letu la mfano yana uzito wa tani 27, bila kuhesabu kuta. Lijenge chini kwenye ardhi iliyoshindiliwa vizuri, au umwite mhandisi wa majengo apige hesabu kabla hujanunua tofali hata moja.

Umeme ukikatika itakuwaje?

Hapa ndipo ningependa usome taratibu. Maji ya joto hubeba oksijeni kidogo kuliko maji ya baridi. Kwenye nyuzi 28, joto la kawaida kwa bwawa la Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, lita moja ya maji haiwezi kushika zaidi ya miligramu 7.8 hivi za oksijeni kutoka hewani. Zidisha kwa lita 27,000: bwawa zima lina gramu 210 tu. Hiyo ndiyo akiba yote. Pampu ikisimama, samaki wanaendelea kuitumia, na bakteria wa kwenye chujio na wa kwenye uchafu wa chini nao wanaitumia. Bwawa lenye samaki wengi wakubwa linaweza kufika hatarini ndani ya saa chache, hasa kama walikuwa wameshiba, kwa kuwa samaki anayemeng'enya chakula hutumia oksijeni nyingi zaidi.

Sasa wapo samaki ambao hawategemei oksijeni ya majini peke yake. Kambare ana kiungo maalumu juu ya matamvua, chenye matawi kama ya mti, ambacho humwezesha kuvuta hewa ya kawaida. Kamongo ana mapafu. Bichiri, yaani samaki wa jenasi ya Polypterus, naye ana mapafu. Arapaima wa Amazon huja juu kuvuta hewa kila baada ya dakika chache. Hao wote watavuka usiku wa giza ambao sangara hawezi kuuvuka.

Lakini hewa peke yake haimalizi tatizo. Amonia, taka yenye sumu inayotoka kwa samaki, inaendelea kujikusanya wakati chujio limesimama. Kwa hiyo umeme ukikatika, usilishe. Umeme ukirudi, na kama chujio lako ni la aina iliyofungwa, mwaga kwanza maji yaliyomo, yasirudi bwawani, maana yakilala humo saa nyingi bila hewa huoza na kuwa sumu. Tena uwe na pampu ndogo ya hewa inayotumia betri, iliyounganishwa tayari, inayowaka yenyewe umeme unapozimika. Jenereta ni nzuri, lakini inahitaji mtu wa kuiamkia saa nane za usiku.

Samaki yupi anafaa kwa kuanzia?

Kambare, Clarias gariepinus. Najua wengine watavunjika moyo, kwa sababu wamezoea kumwona sokoni, amekaushwa kwa moshi. Naomba wamtazame akiwa hai ndani ya maji masafi, ana mita moja, anapita polepole na zile sharubu zake nane akipapasa kila kitu. Ni mnyama wa kuvutia kweli. Anaweza kupita mita 1.5, ingawa wengi wanaofugwa huishia chini ya hapo. Vifaranga wake wanapatikana kwa wazalishaji wa Tanzania, Kenya na Uganda, chakula chake kipo madukani, na joto la nyuzi 25 hadi 30 ndilo analolipenda.

Ana tabia mbili za kuzijua mapema. Ya kwanza, hula wenzake. Vifaranga waliopishana ukubwa ndani ya bwawa moja watapungua kila usiku, kwa hiyo wachambue mara kwa mara, wakubwa kwao na wadogo kwao. Ya pili, hutoroka. Ana uwezo wa kujikokota juu ya nchi kavu, na usiku wenye unyevu atajaribu. Acha ukuta wa sentimita 40 juu ya maji, na juu yake weka wavu.

Kumbuka pia kuwa vifaranga wadogo sana bado wanategemea matamvua. Sifa ya kuvuta hewa huja wanapokua, kwa hiyo majuma ya mwanzo uwalinde kama samaki mwingine yeyote.

Na kamongo je?

Kwa maoni yangu, huyu ndiye samaki bora kuliko wote kwa mtu mvumilivu. Kamongo wa Ziwa Victoria, Protopterus aethiopicus, anafika mita 2. Hana mbio, na hahangaiki akiona watu. Akikuzoea atakuja juu mwenyewe unapokaribia. Mwendo wake ni wa polepole, na yale mapezi marefu membamba huyatumia kupapasa chini anapotembea.

Masharti yake ni machache lakini hayana mjadala. Mweke peke yake, maana hukata mapezi ya wenzake na wakati mwingine huwaua. Asinyimwe njia ya kufika juu: ukifunika bwawa kwa wavu unaogusa maji, atazama na kufa, kwa sababu matamvua yake hayamtoshi akiwa mzima. Na usimshike kwa mikono mitupu. Meno yake ni mabamba ya kusagia konokono, akikuuma utapoteza nyama.

Wengi hupatikana kwa wavuvi. Chagua aliyenaswa kwenye mgono, usimchukue aliyemeza ndoano. Jeraha la koo halionekani, na litamuua baadaye wakati umeshamzoea.

Jambo jingine ni umri. Huyu si mfugo wa miaka mitatu. Ndugu yake wa Australia, Neoceratodus, aliyeitwa Granddad kwenye jumba la samaki la Shedd mjini Chicago, aliingizwa pale mwaka 1933 akiwa mzima na akaishi hadi 2017. Kamongo wetu ni jenasi nyingine, lakini naye huhesabiwa kwa miongo. Zungumza na familia kabla ya kumleta.

Nataka sangara. Mbona kila mtu ananikataza?

Sangara, ambaye Kenya wanamwita mbuta na Uganda mputa, ana kila kitu kinachomvutia mfugaji: macho yanayong'aa gizani, mwili wa fedha, kishindo anapopiga chakula. Lakini anafikia mita 2 na uzito wa kilo 200, hana kiungo cha kuvuta hewa, na havumilii maji yenye oksijeni kidogo. Pia ni dhaifu mno wakati wa kushikwa na kusafirishwa. Akipapatika wavuni dakika chache tu, magamba hutoka, ngozi hushika ukungu, na siku chache baadaye amekufa.

Kama una bwawa linalozidi lile la mfano wetu mara kadhaa, jenereta inayowaka yenyewe, na mtu wa kulitazama usiku na mchana, basi zungumza na kituo cha utafiti wa uvuvi kilicho karibu nawe. Wengine wote, jibu langu ni hapana.

Kuna samaki wengine wa Afrika ninaoweza kuwafikiria?

Bichiri ni chaguo zuri na linasahaulika. Polypterus endlicherii hufika sentimita 75, na Polypterus congicus wa bonde la Kongo na Ziwa Tanganyika ni mkubwa zaidi kidogo. Ni wapole kwa wasioingia mdomoni mwao, hukaa chini, wana magamba magumu na safu ya mapezi madogo mgongoni. Nao hutoroka wakiona upenyo.

Kuhe wa Ziwa Tanganyika, Boulengerochromis microlepis, ni mmoja wa wakubwa kabisa katika jamii ya sikilidi, jamii ya perege na furu; anakaribia sentimita 80. Anahitaji maji ya ziwa lake: magumu, yaani yenye madini mengi, yenye pH (kipimo cha uchachu wa maji) inayokaribia 9, na yenye oksijeni tele. Amonia kwenye pH hiyo ni kali mara nyingi zaidi kuliko kwenye pH 7, kwa hiyo chujio halina ruhusa ya kukosea. Mwachie mwenye uzoefu.

Yule mwenye meno marefu yanayoonekana hata mdomo ukiwa umefungwa, Hydrocynus, ni samaki wa maji yanayokimbia. Ndani ya bwawa hushtuka kwa taa, kwa kivuli, kwa mlango, na hujigonga ukutani hadi kuvunja taya. Sijaona sababu ya kumtesa hivyo.

Arapaima, kambare mkia-mwekundu, samaki-mamba wa Marekani: naweza kuwaagiza?

Hao ndio wanaoonekana kwenye video, na ndio wanaoleta majuto. Arapaima anayelishwa vizuri hufika kilo 10 ndani ya mwaka wa kwanza na huendelea hadi kupita mita 2. Kambare mkia-mwekundu, Phractocephalus hemioliopterus, hupita mita moja na humeza chochote kinachoingia mdomoni, kuanzia mawe hadi kipimajoto. Samaki-mamba wa Marekani, Atractosteus spatula, huweza kuishi zaidi ya miaka 50, na mayai yake ni sumu kwa binadamu.

Kisheria, kuingiza samaki hai wa kigeni kunahitaji vibali. Tanzania kuna Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na kanuni zake. Kenya kuna sheria ya usimamizi na maendeleo ya uvuvi ya mwaka 2016. Arapaima yumo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na arowana wa Asia, samaki mwingine wa mapambo, yumo Kiambatisho cha I, ambako biashara ndiyo imebanwa zaidi. Anza na ofisi ya uvuvi ya wilaya au kaunti yako kabla ya kumlipa mtu yeyote. Muuzaji anayekwambia vibali havina haja, achana naye.

Nje ya sheria kuna sababu yangu mwenyewe: sioni anachotupa arapaima ambacho kamongo hatupi, isipokuwa sifa ya kutoka mbali.

Naweza kuwachanganya?

Kipimo ni mdomo. Samaki mlanyama humeza kinachoingia, na hujaribu kisichoingia. Kambare kadhaa wa ukubwa mmoja hukaa pamoja vizuri wakiwa wameshiba. Bichiri wakubwa wanaweza kuishi na kambare wa kimo chao, lakini utazame mapezi kila asubuhi, kwa kuwa ugomvi hutokea usiku. Kamongo, kama nilivyosema, ni wa pekee yake.

Mgeni yeyote akae karantini kwenye chombo kingine kwa siku 30. Ukilazimika kutumia dawa, jua kwamba kambare hana magamba, naye pamoja na bichiri huumizwa haraka na dawa zenye shaba.

Niwape samaki hai wawinde?

Sikushauri. Samaki hai wa kulisha huleta minyoo na magonjwa, na baadhi yao wana kimeng'enya cha thiaminase kinachoharibu vitamini B1. Kugandisha kwenye friza hakukiondoi. Mlaji anayelishwa hao kila siku hupooza polepole, na mwenye bwawa haelewi kwa nini.

Wazoeze chakula cha punje chenye protini nyingi tangu wakiwa wadogo. Kambare hukubali siku hiyohiyo. Kamongo anaweza kukataa majuma kadhaa: mpe vipande vya samaki, konokono au kamba, kisha changanya punje kidogo kidogo. Nyama ya ng'ombe na mafuta ya kuku uviache kabisa, mafuta yale hurundikana kwenye ini la samaki.

Wadogo wale mara mbili kwa siku. Wazima wanatosheka kila baada ya siku mbili au tatu. Samaki walanyama wa mabwawani wanaokufa kwa kunenepa ni wengi kuliko wanaokufa kwa njaa.

Maji ya bomba yanafaa? Na ya kisima?

Ya bomba yana klorini inayounguza matamvua na kuua bakteria wa chujio. Yaache kwenye simtanki yakitiwa hewa kwa siku moja au mbili, au tumia dawa ya kuondoa klorini. Ya kisima hayana klorini lakini mara nyingi hutoka bila oksijeni, na karibu na bahari huwa na chumvi. Yatie hewa, yapime, halafu ndipo uyatumie.

Zege jipya nalo hutoa chokaa inayopandisha pH. Lijaze, limwage, urudie kwa majuma kadhaa, au lipake rangi ya epoksi inayoruhusiwa kwa matangi ya maji ya kunywa. Rangi ya ndani iwe nyeusi au kijivu. Samaki hutulia zaidi.

Bwawa limejaa. Nilete samaki lini?

Baada ya majuma manne hadi sita. Chujio linahitaji muda wa kuotesha bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati. Pima kwa vipimo vya matone hadi amonia na nitriti zisome sifuri huku bakteria wakiwa wanalishwa amonia. Pampu izungushe maji yote ya bwawa angalau mara moja kila saa mbili.

Baada ya hapo badilisha robo ya maji kila juma. Maji unayoyatoa yana mbolea, yamwagie mchicha na migomba.

Gharama ya umeme ikoje?

Pampu ya wati 250 ikifanya kazi mchana na usiku hutumia uniti 6 kwa siku, yaani 180 kwa mwezi. Zidisha kwa bei ya uniti ya kwako, kabla ya kuongeza hita.

Ninaishi Arusha, Nairobi au Mbeya, kuna baridi.

Kambare atavumilia, ila atapunguza kula, nawe punguza chakula. Samaki wa Amazon hatavumilia, na kupasha lita 27,000 moto ni gharama ya kila mwezi isiyokwisha. Hapo pia samaki wa kwetu wanashinda. Baridi ina faida moja: kwenye nyuzi 18 maji hubeba oksijeni ya miligramu 9.5 hivi kwa lita.

Chumba chote kimekuwa na unyevu na kuta zina ukungu.

Weka madirisha ya juu pande mbili zinazotazamana, na feni ya kutoa hewa nje. Dari ya jipsamu haifai juu ya bwawa.

Kuna hatari kwa watoto?

Ipo, na kubwa ni maji yenyewe. Weka uzio na mlango unaojifunga. Umeme wote wa bwawani upite kwenye kifaa kinachokata kwa uvujaji wa miliampia 30, na fundi ahakikishe waya wa ardhi upo kweli. Kabla ya kuingiza mkono majini, zima pampu ukutani.

Amekua mno, au ninahama. Nimwachie ziwani?

Usifanye hivyo kamwe, hata kama ni samaki wa nchi yako lakini wa ziwa jingine. Sangara aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 furu, samaki wadogo waliokuwa wa aina mamia na wasiopatikana kwingine duniani, walikuwa wametoweka kwa wingi. Makadirio yanayotajwa sana ni aina 200 hivi. Uchafuzi wa maji ulichangia, lakini sangara ndiye aliyewala. Sisi tulio kando ya ziwa hilo hatuna udhuru wa kusema hatukujua. Na mwaka 2022, mji wa Ruzhou nchini China ulilazimika kukausha ziwa la bustani ya umma ili kumsaka samaki-mamba ambaye hakuwa wa pale.

Tafuta mfugaji mwingine, chuo chenye idara ya uvuvi, au kituo cha ufugaji kitakachompokea, na uanze kutafuta miezi kadhaa kabla ya kuhama. Kambare akikosa pa kwenda ni kitoweo halali, hakuna aibu. Ila kama amewahi kutibiwa kwa dawa za samaki wa mapambo, usimle wala usimuuze kwa wengine wamle. Dawa hizo hazikutengenezwa kwa samaki wa kuliwa.